Nani Anakunywa Maji ya Rejeta Yangu?

Jumatano, 19 Juni

Nimeanza daftari hili leo. Sababu: ushahidi. Nalificha kwenye gunia la maharage stoo, gunia la tatu kutoka mlangoni. Adija, mke wangu, hupika kutoka gunia la kwanza.

Asubuhi hii, baridi ya kuuma masikio, nimetoka kuwasha gari nikakuta kidimbwi cha kijani chini ya bampa. Kijani! Nimechutama. Nimenusa. Nimegusa kwa kidole. Kulanti, maji ya kupoza injini! Ile ile niliyoijaza mwenyewe juzi, siku ya Idd, mpaka shingoni. Nimefungua kifuniko cha rejeta. Imeshuka vidole vinne.

Gari halinywi maji likiwa limeegeshwa. Kuna mtu.

Adija kasema magari ya zamani huvuja. Kasema harakaharaka, bila hata kuliangalia. Nimeandika.

Sasa jambo lenyewe. Gari hili ni Carina la kaka yangu Hamidi, Mungu amrehemu. Alilinunua binti yake Munira akiwa bado anatambaa. Alimpeleka nalo shule miaka yote. Tarehe 29 mwezi huu Munira anapelekwa kwa mume wake, Msanzi. Siku ya Idd, mbele ya ukoo mzima, kaniambia baba mdogo, sitaki gari la kukodi, nataka nitoke nyumbani kwenye gari la baba. Kasema akikaa kiti cha nyuma, upande wa kushoto, atajiona bado baba yake anampeleka. Nilimjibu sawa. Halafu nikatoka nje kidogo. Nilisema ni moshi wa nyama.

Na Fahadi alikuwepo. Fahadi ni mjomba wake Munira, kaka wa mama yake. Ana Coaster mbili za njia ya Matai na Noah nyeupe anayoifuta kwa kitambaa cha sufi. Kasema kwa upole kabisa: shemeji, Carina likisumbua, Noah ipo.

Nani kamwuliza? Siku mbili baadaye, kidimbwi! Mimi sisemi kitu. Naandika tu.

Spea hawawezi kuniibia, hilo wanalijua. Mwezi wa tatu jirani alipong'olewa taa zote mbili, nilichora namba ya gari kwenye vioo, saitimira za pembeni, taa, betri na kila kitu ambacho mkono wangu ulifika. Watu wengi wanaishia kwenye vioo. Mimi niliendelea. Kwa hiyo mwizi kashindwa spea, sasa kahamia kwenye maji.

Alhamisi, 20 Juni

Vidole vitano leo. Nimejaza tena.

Nimekwenda gereji kwa Andwele, fundi, Mnyakyusa wa Tukuyu. Sikumwambia kitu. Nimemwuliza kwa kuzunguka, eti nina rafiki, gari lake linapoteza maji, inaweza kuwa nini. Kaniuliza huyo rafiki yako ana Carina nyeupe? Kajuaje! Kasema mlete tu.

Mlete! Ndiyo wimbo wao mafundi wote. Ukilileta, unakwenda kunywa chai, ukirudi gari lina sura ile ile lakini matumbo ni ya mwingine. Sileti.

Nina mpango wangu. Jioni nimechota majivu jikoni, ndoo nzima, nikanyunyiza kulizunguka gari lote, laini, kama sukari juu ya kalimati. Atakayekanyaga, nimempata. Adija kaniuliza nafanya nini. Nimemwambia naua siafu. Kasema mwezi wa sita hakuna siafu. Anajua mengi kuhusu siafu huyu mwanamke.

Ijumaa, 21 Juni

NYAYO!

Wazi kabisa. Kiatu cha mwanamume, kisigino kimelika upande wa nje. Nyayo zimezunguka gari mara tatu! Mtu asiye na aibu. Nimepima urefu kwa uzi, nikafunga fundo, nikatia uzi mfukoni.

Hapo ndipo akili ikanijia. Leo Ijumaa. Wanaume wote wa mjini watavua viatu mlango mmoja. Nimefika msikitini, nimesubiri hotuba ianze, nikajifanya nasikia kikohozi, nikatoka nje. Nimepima. Nimepima jozi ishirini na kitu. Nilipofika kwenye kiatu cha Fahadi, cheusi, kipya, chenye kifungo cha dhahabu, nikashusha uzi taratibu. Uzi umelingana! Fundo kwa fundo!

Nikainua kichwa. Fahadi kasimama mlangoni, soksi tupu, ananiangalia. Nyuma yake wazee watatu.

Nilikuwa nimeshika kiatu chake kimoja mkononi na kingine kwapani.

Nilisema nilikuwa napanga. Wazee wamenitazama kwa huruma. Mmoja kanishika bega, kaniuliza biashara ya mabati ikoje siku hizi, na kama kuna shida nyumbani nisione haya kusema. Fahadi kavaa viatu vyake polepole, kaaga, kaondoka. Hakusema neno hata moja. Mtu asiye na hatia angepiga kelele!

Nyumbani nimemweleza Adija yote, maana nilikuwa na hasira. Kachukua uzi. Kaniambia weka mguu wako hapa. Nimeweka.

Umelingana.

Kasema kisigino cha kiatu changu kimelika upande wa nje tangu mwaka juzi, na jana jioni kaniona dirishani nikizunguka gari mara tatu kuangalia kama majivu yamekaa vizuri.

Ni kweli nilizunguka. Lakini hiyo haimsafishi Fahadi. Inamaanisha tu kwamba tunavaa saizi moja.

Jumamosi, 22 Juni

Leo sikutaka fundi, sikutaka mke, sikutaka mtu. Nimetengeneza mwenyewe.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kama kuna mtu katoboa tundu dogo mahali, tundu linahitaji kuzibwa kutoka ndani. Kitu gani kinaziba? Kitu kinachovimba kwenye maji ya moto. Kitu gani kinavimba kwenye maji ya moto kuliko unga wa ulezi? Ufipa yote imelelewa na ulezi! Nimechukua unga wa Adija, nusu kilo, nikaukoroga kwenye maji ya uvuguvugu usishikane, nikamimina kwenye rejeta kwa bomba la gazeti. Nimefunga. Nimewasha.

Dakika kumi, safi kabisa. Chini pakavu! Nilipiga makofi peke yangu. Nikaamua nilipeleke mpaka stendi ya mabasi nirudi.

Karibu na soko mshale wa joto ukapanda. Ukapanda tena. Halafu mlio, puuu! Kifuniko kimeruka, na kilichotoka si mvuke tu. Uji! Uji wa ulezi, mzito, wa moto, umetapakaa kwenye boneti, kwenye kioo, kwenye barabara. Harufu nzuri, sikatai. Bibi mmoja muuza dagaa kaniuliza kama nimeweka na sukari.

Watu wamecheka mpaka wakakaa chini. Nimeona Noah nyeupe inapunguza mwendo. Fahadi kashusha kioo, kasema shemeji, ngoja nikuvute. Nimekataa! Anivute mbele ya soko zima, kamba yake, gari lake, halafu wiki ijayo kila mtu aseme bora bibi harusi apande Noah? Hata!

Nimemsimamisha mtu wa mkokoteni aliyekuwa anatoka kushusha mahindi. Ng'ombe wawili, mmoja mwekundu, mmoja mwenye pembe moja. Wamelivuta Carina la marehemu kaka yangu katikati ya mji wa Sumbawanga, kwa heshima zote, mimi nikiwa kwenye usukani. Watoto wametusindikiza wakiimba. Ng'ombe mwenye pembe moja alikuwa anageuka kila hatua kuniangalia.

Jumapili, 23 Juni

Munira amekuja asubuhi na ndoo na kitambaa. Kasema anataka kusafisha viti mwenyewe kabla ya Jumamosi. Gari liko uani, boneti limeganda uji. Kaniuliza hii harufu ni ya nini. Nimesema manukato mapya ya gari.

Kapiga magoti nyuma, kasugua kiti kile cha kushoto kwa muda mrefu kuliko vingine. Chini ya kiti kapata penseli fupi iliyotafunwa mwisho. Kasema hii yangu, ya darasa la nne, nilipigwa kwa sababu ya penseli hii. Kaifuta, kaitia kwenye mkoba. Kaniuliza baba mdogo, litatembea kweli? Nimemwambia litatembea. Kasema kama halitatembea nimwambie sasa, asije kujua siku yenyewe.

Nimeapa. Nimeapa na mkono juu. Alipoondoka nilikaa kidogo kwenye kile kiti. Nina hofu, na leo si hofu ya wezi.

Jumatatu, 24 Juni

Nimesalimu amri. Gari liko kwa Andwele. Lakini na mimi niko kwa Andwele! Nimefika saa mbili, nimekaa juu ya tairi kuukuu, macho kwenye mikono yake. Kila nati aliyofungua nimeidaka, nikaitia mfukoni kwangu, isibadilishwe. Saa sita nilikwenda kula. Niliporudi Andwele alikuwa amekaa chini ya mti amekunja mikono. Kasema kazi imesimama saa nzima kwa sababu nati zote zilikwenda kula wali maharage.

Kaosha rejeta. Umetoka uji wa siku mbili. Kanong'ona kitu kwa Kinyakyusa.

Halafu kaziba tundu moja, tundu jingine kapachika mpira wa pampu, kaizamisha rejeta yote kwenye pipa la maji, kaanza kujaza upepo. Kasema panapotoka mapovu ndipo panapovuja. Nimesogea. Nimeinama kabisa, nione mwenyewe, nisidanganywe.

Mapovu yametoka juu, kwenye ile sehemu ya plastiki. Si sehemu moja. Mstari mzima! Umbo la herufi. T imetoa mapovu. Saba imetoa mapovu. Nane imetoa kwa juu na kwa chini.

Andwele kasoma namba ya gari langu yote kwa sauti, taratibu, kutoka kwenye mapovu.

Kaniuliza ulichora kwa nini? Nimemwambia kwa msumari. Msumari gani? Wa inchi nne, wa dukani kwangu, niliupasha kwenye jiko la mkaa mpaka ukawa mwekundu ili maandishi yaingie vizuri. Kasema yameingia, yamekula plastiki miezi mitatu, sasa yametokea upande wa pili. Kasema amefanya kazi hii miaka kumi na minane, kuanzia Tukuyu hadi Mbeya hadi hapa, ameona namba kwenye vioo, ameona kwenye taa, mmoja alichora kwenye jeki. Kwenye rejeta, mimi wa kwanza. Halafu kacheka. Kacheka mpaka kaenda kushika ukuta.

Nimemwacha amalize. Kisha nimemwambia ukweli: kuna mtu aliyejua nimechora pale. Kapitia mulemule kwenye namba yangu, makusudi, ili lawama zinirudie mimi. Huyo ni mtu wa hatari sana. Andwele kanitazama. Kaniuliza kama nimekula vizuri.

Ubaya ni huu: plastiki hiyo haichomelewi. Na rejeta ya Carina la zamani hivi mjini haipo, tumetafuta maduka yote ya spea. Fahadi kapiga simu, sijui kaambiwa na nani, kasema anaweza kuagiza Dar, basi liilete Jumatatu ijayo. Jumatatu ijayo! Harusi Jumamosi! Anajua anachokifanya.

Andwele kasema kuna mwalimu mstaafu kule Kaengesa, Mama Hilaria, ana Carina kama hili nyuma ya nyumba, halitembei. Lakini kasema huyo mama hauzi. Watu wameshajaribu.

Watu hao hawakuwa mimi.

Jumatano, 26 Juni

Kaengesa, kwa bodaboda. Upepo umenipiga njia nzima, nimefika uso umekakamaa kama ngozi ya ngoma.

Mpango wangu ulikuwa huu: mtu akijua unahitaji kitu, hakupi. Kwa hiyo nisionyeshe shida. Nimepiga hodi, nimesema shikamoo mama, kaitikia marahaba, mwili mdogo, miwani mikubwa, sweta la kijani. Nimesema mimi natafuta vyuma chakavu vya kujengea banda la kuku.

Kasema banda la kuku, vizuri. Kanizungusha nyuma. Loo! Carina! Limefunikwa turubai, limekaa juu ya matofali, kuku wanataga kwenye buti. Nimejizuia nisipige kelele. Nimesema mama, labda hiki kipande cha mbele, hiki chenye matundumatundu, kingefaa dirisha la kuku. Kanitazama juu ya miwani. Kasema kwa banda la kuku atanipa mlango. Rejeta hapana, rejeta si ya kuku.

Mwanamke huyu anashuku! Sijawahi kukutana na mtu anayeshuku hivi. Kaniuliza jina langu mara mbili, kwa nafasi, aone kama nitataja lile lile. Kaniuliza kazi yangu, nikaropoka duka la mabati; kaniuliza mwenye duka la mabati anakuja Kaengesa kutafuta vyuma chakavu vya banda kwa nini. Kaniangalia mikono, kasema ina grisi. Kaangalia bodaboda yangu, kaandika namba yake kwenye daftari lake. Ana daftari! Nilihisi kama najitazama kwenye kioo, isipokuwa yeye alikuwa anashinda.

Mwisho nimechoka. Nimekaa kwenye kigogo, nikasema ukweli wote. Kaka yangu. Munira. Kiti cha kushoto. Penseli. Sikupanga kusema penseli, imetoka yenyewe.

Kanifungulia mlango wa mbele wa gari lake, kanionyesha kitambaa cha mlango kilivyochakaa mahali pamoja. Kasema hapo mume wangu alikuwa anaweka kiwiko, miaka ishirini na mbili. Wanakuja vijana wanataka kununua gari wakate vyuma, nawafukuza. Kafunga mlango polepole.

Kasema chukua rejeta. Haiuzi, ananiazima. Na ana sharti moja.

Sharti: rejeta itakapokwenda, na yeye atakuwepo. Siku ya harusi atakaa kiti cha mbele, aiangalie kwa macho yake. Kasema hanijui, na mtu aliyeanza na kuku anaweza kumaliza na lolote.

Kaniandikia stakabadhi kwa kalamu nyekundu. Nimesaini. Kanirudishia, kasema mwandiko mbaya, rudia.

Ijumaa, 28 Juni

Rejeta imefungwa jana. Inashika! Nimepima jana mara nne, leo mara sita. Haijashuka hata unywele! Nimemkumbatia Andwele, kaniambia niache sasa, nisiguse kitu. Nisiguse kabisa. Kanitaka niahidi. Nimeahidi.

Leo baada ya swala ndoa imefungwa msikitini. Mkwe ni kijana mtulivu, kanishika mkono kwa mikono miwili. Fahadi alikuwa pale na kanzu mpya, kazunguka Carina langu, kapiga teke tairi kidogo, kasema limependeza. Limependeza! Mtu anayetaka kitu chako husifu kwanza.

Kesho tunampeleka bibi harusi. Nimechukua hatua mbili.

Hatua ya kwanza: ulinzi. Rejeta ya Mama Hilaria imekaa mbele pale, nyuma ya grili tu, mtu yeyote mwenye bisibisi anaweza kuifikia. Nimekata bati dukani, geji ishirini na nane, nimelifunga mbele ya rejeta lote, kutoka juu hadi chini, na kufuli. Hata sindano haipiti! Hiyo si kugusa rejeta, ni kugusa bati.

Hatua ya pili: Fahadi. Tunaondoka saa nne. Yeye nimemwambia saa sita. Coaster zake za wageni zitakuja nyuma, hakuna neno. Lakini Noah isiwe karibu! Ikiwa karibu, kitu kitatokea. Naijua hesabu yake.

Jumapili, 30 Juni

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Saa nne kamili. Munira katoka, mtandio mwekundu, hina hadi kwenye viwiko. Kaingia kiti cha nyuma, kushoto. Mama yake Sauda katikati, Adija kulia. Mama Hilaria mbele, dumu la maji katikati ya miguu, miwani kwenye mshale wa joto. Sauda kauliza Coaster ziko wapi. Nimesema zinakuja. Tumetoka.

Kwa muda mfupi ilikuwa raha tupu. Mashamba yote yamevunwa, rangi ya kahawia hadi mwisho wa macho, jua kali na upepo baridi. Munira alikuwa anaangalia dirishani. Kasema kidogokidogo, baba alikuwa anapiga honi pale kwenye ule mwinuko, hata kama hakuna mtu. Nimepiga honi. Sauda kaanza kulia.

Na kwenye ule mwinuko mshale ukaanza kupanda.

Mama Hilaria kasema mshale. Nimesema nimeuona. Kasema mshale, wewe! Mvuke umetoka pande zote za boneti. Nimesimama pembeni. Hakuna nyumba. Hakuna mti. Upepo tu wa Ufipa, na bibi harusi ameshuka, ameshika mtandio wake kwa mikono miwili usiruke.

Nimefungua boneti. Mama Hilaria kaja na dumu, kainama mbele, kachungulia. Kauliza hiki nini? Bati. La nini? La kulinda rejeta yako. Kavua miwani, kaifuta, kavaa tena. Kauliza kama nikiona mtu anakimbia mlima huwa namziba pua. Kasema rejeta inapumua kwa mbele, hata darasa la tano wanajua. Kasema fungua.

Ufunguo wa kufuli.

Ufunguo uko kwenye gunia la maharage. La tatu kutoka mlangoni.

Sitaandika alichosema Adija.

Tumekaa pale saa mbili nzima; kila likipoa tunamimina maji ya dumu, tunawasha, linachemka tena, mpaka dumu likaisha. Kule Msanzi wali umepikwa, watu wamevaa, wanaangalia barabara. Hakuna gari la kutusaidia, kwa sababu mimi mwenyewe nilihakikisha halipo. Munira hakunilaumu. Hilo ndilo lililonichoma. Kaniuliza tu: baba mdogo, uliapa, siyo? Nimesema ndiyo. Kageuka akaangalia upande wa Msanzi.

Wakati huo, kama ningeweza kuingia chini ya boneti nikajifungia, ningeingia.

Kisha Noah! Nyeupe, mbele, Coaster mbili nyuma, ngoma na vigelegele. Fahadi kashuka. Kaangalia bati. Kaangalia kufuli. Kachukua spana ya gurudumu, kapiga mara moja, kufuli limelala chini. Bati limetoka.

Halafu kafungua mlango wa Noah. Kamwambia Munira ingia mwanangu, tumechelewa. Nilijua imekwisha. Nilitazama viatu vyangu.

Munira katikisa kichwa. Kasema mjomba, asante, mimi nasubiri lipoe. Karudi ndani ya Carina, kiti kile kile, kafunga mlango. Kasema baba alikuwa ananichelewesha shule kila siku, sijawahi kufika kabla ya kengele.

Fahadi kasimama kidogo. Kafunga mlango wa Noah. Karudi na katoni ya maji ya wageni, chupa ndogondogo, injini ilipopoa kamimina moja baada ya nyingine, Mama Hilaria akihesabu kwa sauti. Kanipa kitambaa cha sufi nifute jasho. Kisha kaniambia shemeji, wewe tangulia. Mimi niko nyuma yako.

Amekaa nyuma yangu hadi Msanzi. Mwendo wa ng'ombe, taa za dharura zinawaka, hakupiga honi hata mara moja.

Tulipofika, vigelegele vimepasua masikio. Kabla ya kushuka, Munira kaweka kiganja juu ya kiti, kakiacha pale kidogo, kasema asante baba. Sijui alimwambia nani. Sikuuliza. Nililia, na safari hii hapakuwa na moshi wala sikutafuta.

Kwa dakika nzima sikumshuku mtu yeyote.

Mama Hilaria kala sahani mbili, kacheza kidogo, kasema rejeta nibaki nayo, atakuwa anakuja kuikagua. Ila nilipolala jana nimejiuliza. Fahadi kafikaje pale pale tulipokwama? Mahali penyewe kabisa? Na ile spana alikuwa nayo ya nini?

Alhamisi, 4 Julai

Jambo zito.

Nimepima asubuhi. Rejeta imejaa mpaka shingoni. Jana: imejaa. Juzi: imejaa. Tangu Jumapili, siku tano, haijapungua hata tone! Chini ya gari pakavu, vumbi tupu. Gari la mwaka tisini na mbili!

Haiwezekani. Maji yote ninayoyajua duniani hupungua. Kama haya hayapungui, kuna mtu anaongeza.

Nimemwuliza Adija. Kasema gari limepona, liache. Kasema harakaharaka, bila hata kuliangalia. Fahadi leo kapita mbele ya duka, kauliza Carina linaendeleaje, kacheka vizuri, meno yote nje. Nimejibu linaendelea. Anataka kujua kama bado limejaa.

Munira amepiga simu. Fungate inakwisha Jumamosi, anakuja kumsalimia mama yake, anaomba nimfuate na gari la baba, na mume wake anataka kukaa nyuma asikie ile honi ya kwenye mwinuko. Nimemwambia sawa mwanangu, saa mbili nitakuwa Msanzi. Nimeapa.

Sasa siwezi kwenda Msanzi na maji ya mtu nisiyemjua. Kesho alfajiri nafungua plagi ya chini, namwaga yote, mpaka tone la mwisho. Nimeshaficha ndoo zote za nyumba hii, na bomba la uani nimelifunga kwa kufuli jipya, ufunguo nimeutupa chooni ili asiupate mtu. Tuone ataongeza nini!